Beberu Katika Hesabu ya Mji

Nkwabi alimfunga beberu kamba shingoni akamtoa uani kwenda sokoni, kwa sababu mkewe alikuwa na desturi ya kwenda sokoni kila asubuhi. Beberu hakupenda soko. Alikuwa mzito, mwenye ndevu, na harufu yake ilimtangulia kama mpiga mbiu. Akifika njia panda alikita kwato akagoma, mpaka Nkwabi amsukume kwa goti.

Watu waliopishana nao hawakucheka. Karibu nusu ya mtaa walikuwa na mbuzi wao. Mzee Ngassa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anarudi na mbuzi jike mweupe ambaye katika hesabu ya nchi alikuwa mama yake mzazi.

"Habari za asubuhi, Nkwabi. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Na mama?"

"Mama yupo. Jana kala shuka la watu kwenye kamba. Nimeitwa mpaka kwa balozi."

Walipeana mikono wakaachana. Ndivyo walivyoagizwa na wakubwa wa mji: muulizane hali, mjibizane kama kawaida, kwa maana Mnara wa hesabu una masikio. Nkwabi alikuwa amejibu "hajambo" mara nyingi mno, hata ulimi wake ulikuwa na sugu.

Juu ya stesheni ya zamani ya reli ulisimama Ubao, taa zake zikiwaka hata mchana. Miji mikubwa ya nchi ilipangwa pale mmoja chini ya mwingine kwa wingi wa watu wake. Wa kwanza ulikuwa mji wa bandari, kama siku zote, mji uliovimba hata hauoni miguu yake. Chini yake miji ya ziwani, kisha ya migodi, kisha ile ya mashamba ya chai. Malolwa, mji wao, ulikuwa wa kumi. Chini ya Malolwa ulipigwa mstari mwekundu, na chini ya mstari ulikuwa mji wa Magunga.

Aliye juu ya mstari alipata Bomba Kuu la maji ya ziwa. Aliye chini aliambiwa ajitegemee. Wakubwa wa nchi walisema bomba halitoshi nchi nzima, kwa hiyo maji yafuate watu walipo wengi. Mtu ukilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza unaliona lina akili. Nkwabi hakusoma kupita darasa la nne, lakini alijua kwamba neno lenye akili na neno lenye haki si ndugu wa tumbo moja.

Zamani nchi ilihesabu watu usiku mmoja kila baada ya miaka kumi, na miji ikaibiana watu. Mabasi yalijaa ndugu walioitwa kwenye harusi zisizokuwepo, wakahesabiwa, asubuhi wakarudishwa makwao. Wakubwa wakachoka kudanganywa, au tuseme walichoka kudanganywa na wengine. Ndipo wakaleta punje, kitu kidogo kama ulezi, kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Punje ilisikiliza mambo matatu tu: joto la damu, mapigo ya moyo, na mwendo. Yakiwepo matatu, pana mtu. Moyo ukinyamaza, Mnara unasubiri muda wa chai kuchemka, kisha Ubao unapunguza mmoja.

Punje haikumuuliza mwenye nayo kama ana kwato. Nani aligundua hilo kwanza, hakuna aliyejua, ila wote walijua kwamba kuku hafai, moyo wake unakimbia kama cherehani. Mbuzi ndiye. Moyo wake unapiga kama wa mtu mwenye haraka, na damu yake imezidi ya mtu kwa joto kidogo tu. Kwa sababu ya joto hilo Mnara uliamini kwamba Nyamizi, mke wa Nkwabi, ana homa isiyokatika, na zahanati ikawa inamletea dawa. Mifuko ya vidonge ilijaa kabatini. Mwanamke yule alipokuwa anaharisha mpaka macho yakazama, mwaka ule Malolwa ilipoangukia nafasi ya kumi na moja na watu wakarudi kunywa maji ya lambo, zahanati haikuwa hata na chumvi ya kumkorogea. Sasa ni maiti, analetewa dawa mlangoni.

Hilo ndilo lililomkaa Nkwabi kooni kama mwiba wa sato. Alipokuwa hai walisema hamtoshi. Alipokufa wakaja na wembe na beberu kabla mwili haujapoa, wakaihamisha punje, wakasema tunamhitaji. Mbuzi majike walikuwa wamekwisha, maana waliokufa mwaka ule walikuwa wengi. Akazikwa kimyakimya nyuma ya nyumba. Hapakuwa na turubai wala mkeka wa nje wala kilio, na hakuna aliyetamka neno "pole" wakati ule wala baadaye. Na kweli mwaka uliofuata Malolwa ikapanda, maji yakarudi.

"Mzee Nkwabi."

Alikuwa Kashindye, mtendaji wa mtaa, mwanamke wa makamo aliyevaa saa kubwa ya kiume na viatu vilivyolika upande mmoja. Alikuwa amesimama chini ya Ubao shingo kaiinua.

"Marahaba," alisema Nkwabi, kabla hajaamkiwa.

"Shikamoo, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Ananuka tu."

Kashindye hakutabasamu. "Kesho adhuhuri ndiyo Kufunga Hesabu. Ubao utakavyosoma kesho ndivyo utakavyokaa mwaka mzima. Tumewazidi Magunga kwa vichwa ishirini na kitu. Huko kwao wanazaa kama wameambiwa. Nakuomba, kesho usimtoe. Mfungie ndani, mpe majani mazuri, asije akagongwa na pikipiki."

"Nyamizi hakuwahi kufungiwa ndani."

"Baba, nina wodi ya wazazi pale. Unajua maji yakikatika wodini kunakuwaje." Akashusha sauti. "Wewe kuliko mtu yeyote unajua."

Nkwabi alimtazama. Alitaka kumwambia neno la kumkata maini, lakini alikumbuka kwamba kibarazani kwa Kashindye kulikuwa na mwanambuzi aliyefungwa utepe wa buluu, rangi ya sare ya shule, na kwamba mwanawe wa kwanza hakuonekana shuleni tangu mwaka ule ule. Akavuta kamba.

*

Jioni binti yake alipiga simu. Limi aliolewa Magunga, na Magunga ilikuwa chini ya mstari. Alijua mama yake amelala wapi, lakini salamu ilikuwa ile ile ya wote.

"Shikamoo, baba. Mama hajambo?"

"Marahaba. Hajambo. Mjukuu wangu?"

Nyuma ya Limi mtoto alikuwa analia kile kilio chembamba kisicho na nguvu. Nkwabi alikijua. Aliwahi kukisikia kutoka kwa mtu mzima.

"Tumbo, baba. Tangu juzi. Nachemsha maji, lakini kuni zenyewe ni shida, na yale maji hata ukiyachemsha yanabaki na tope. Hapa watu wana hamu na kesho. Wanasema labda mwaka huu tutavuka." Akacheka kidogo, bila furaha. "Wanasema Malolwa mna watu wagumu kufa."

Nkwabi alitazama dirishani. Kwenye simu hapasemwi. Uani beberu alikuwa anajikuna pembe kwenye ukuta.

"Mpe uji wa chumvi," alisema mwisho. "Kijiko kwa kijiko. Usiache hata akikataa."

"Ndivyo mama alivyotakiwa kupewa?"

"Ndivyo mama anavyosema," alijibu Nkwabi, akakata simu.

Alikaa kitandani mikono magotini. Hakuwa na hasira. Hasira inataka mtu aliyelala vizuri. Alichokuwa nacho ni uchovu wa kubeba kitu usichoruhusiwa kukitua wala kukitaja.

*

Asubuhi ya Kufunga Hesabu, treni ya pwani ilishusha watu wengi kuliko kawaida. Nkwabi alikuwa amemfungia beberu jikoni, kama alivyoombwa, pale aliposikia sauti ya kike mlangoni.

"Hodi hapa kwa wapagazi. Hodi kwa mtu aliyekula maiti peke yake."

Hakuhitaji kuchungulia. Alikuwa Bi Sikudhani, Mzaramo, ambaye miaka yote alileta nazi na ukindu kutoka pwani, na zamani akilala kwao, rafiki wa Nyamizi na mtani wa ukoo mzima. Nyuma yake alisimama mpwa wake Kondo, mtu mzima mwenye mvi, na kisu chenye ala kiunoni.

Mtani si mgeni. Mnyamwezi akifa, Mzaramo anakuja kuvuruga msiba: atalala kaburini, atavaa nguo za marehemu amuigize, atakamata kuku au mbuzi achinje bila ruhusa, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Akitaka kumwokoa mnyama wake, anamkomboa kwa kitu. Ila msiba ambao mtani hakuuchezea haujaisha. Hilo kila mtu analijua, ila wakubwa wa mji walikuwa wameagiza watani wasiitwe.

"Karibu, Sikudhani. Nani kakuambia?"

"Kaniambia ukindu wangu. Miaka miwili naleta ukindu, nauliza Nyamizi yuko wapi, naambiwa hajambo. Hajambo gani isiyotoka nje? Nikasema hawa Wanyamwezi wana jambo." Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, mpaka leo hamjui kutua. Hata maiti mnaibeba."

"Na nyinyi mizigo mlikuwa mnaipokea, mnaihesabu, mnaiba nusu," alisema Nkwabi. Maneno yalimtoka yenyewe, ya zamani, kama mtu anayepapasa gizani akakuta swichi pale pale.

"Afadhali. Bado una mdomo. Mwenzangu yuko wapi?"

Beberu alilia jikoni. Bi Sikudhani aligeuka, akamtazama Nkwabi, akainuka, akafungua mlango wa jikoni.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Mwanamke aliyekuwa anapaka mafuta ya nazi mpaka kwenye visigino. Mmemtia kwenye beberu mwenye ndevu."

"Majike waliisha."

"Nipe kanga yake."

Nkwabi alimpa. Bi Sikudhani alijifunga ile kanga kifuani, akaweka mkono mmoja nyonga, akatembea uani kwa mwendo wa kuburuza mguu wa kushoto kidogo, kwa sababu Nyamizi aliwahi kuvunjika kifundo. Alipofungua kinywa, sauti haikuwa yake.

"Nkwabi. Umekula? Hujala. Hii sufuria umeiunguza wewe, au umeiazima ikiwa imeungua? Na lile shati, nilisema litupwe. Mwanamume huyu nimempa miaka thelathini, sijapata hata kiti chenye mgongo."

Nkwabi alicheka. Kicheko kilimshika mbavu asivyotarajia, akainama, akashika ukuta, na kikiwa katikati kiligeuka kikawa kitu kingine. Alilia kwa sauti, uani kwake, mchana kweupe, Mnara ukisikia. Kondo alitazama pembeni. Bi Sikudhani aliendelea kumgombeza kwa sauti ya marehemu, kwa upole, mpaka alipokwisha kulia.

Kisha alivua kanga, akaikunja. "Haya. Mkomboe au nichinje. Na kutoka hapa nakwenda kwa jirani yako, na kwa jirani wa jirani. Behewa zima la watani limeteremka leo. Misiba yenu yote hatujaila."

"Kwa nini leo?" aliuliza Nkwabi.

"Kwa sababu mpwa wangu mwingine ameoa Magunga, kama bintiyo. Sikufichi. Lakini hata kama asingeoa, ningekuja."

Mlango ulisukumwa. Kashindye aliingia akihema. Alimwona Kondo ameshika pembe za beberu, akaelewa.

"Baba, mkomboe."

"Sina kitu."

Kashindye alivua ile saa kubwa akamtia Nkwabi mkononi. Ilikuwa na joto la mkono wake. "Ilikuwa ya mume wangu. Mpe hiyo. Mkomboe, tafadhali. Ukimwachia hapa, nani mtaani atathubutu kumnyima mtani baada yako? Mbuzi wataanguka wote. Tutashuka. Unataka mwanamke mwingine afe kama Nyamizi alivyokufa?"

"Na Magunga hawafi?"

"Wanakufa. Najua wanakufa." Sauti yake ilikuwa imechoka kama ya Nkwabi. "Mimi sikuchora ule mstari, baba. Ningeulizwa ningeweka bomba mpaka kwa fisi. Lakini sikuulizwa. Nilipewa mtaa huu, nikaambiwa uchunge."

Hapo ndipo Nkwabi alipoona shida yenyewe ilivyo, bila pambo. Maji yalikuwa ya mji mmoja. Akimkomboa beberu, wajukuu wa Magunga watakunywa tope mwaka mzima ili wafu wa Malolwa wapate maji. Akimwachia, watoto wa huu mtaa, anaowajua kwa majina, watarudi lamboni na ndoo. Na waliochora mstari walikuwa mji wa bandari, wanaoga. Miaka miwili alikuwa akiwalaani kila alipovuta kamba. Lakini kamba aliivuta yeye.

Alitazama mkono wa Kashindye, alama nyeupe pale saa ilipokuwa. Alitazama kanga iliyokunjwa.

"Mwanangu," alimwambia Kashindye, na hakuwahi kumwita hivyo, "sisi wa hapa tulio hai, hatutoshi nafasi ya kumi. Ndiyo kweli yenyewe. Kama ni kulia kwa wakubwa, tulie tukiwa wa kumi na moja. Mimi siwezi tena kumtembeza."

Akamrudishia saa.

"Chinja," alimwambia Kondo.

Alimshika miguu yeye mwenyewe. Beberu hakugoma, siku hiyo pekee. Ilipokwisha, Nkwabi hakuuangalia Ubao. Alikwenda kwenye bomba la uani, akalifungua mpaka mwisho, akaanza kujaza: ndoo, madumu, sufuria iliyoungua, hata beseni la kufulia. Kisha alitoka barabarani akawaita watu waje na vyombo vyao wachote wakati bado yapo.

Bi Sikudhani alikwishapita kwa Mzee Ngassa. Kutoka mtaa hadi mtaa vikaanza kusikika vilio, vile vya matanga, virefu, vya watu waliokuwa wamevibana muda mrefu, na kati yake vicheko vya watani. Kila baada ya muda wa chai kuchemka Ubao ulipepesa, ukapunguza.

Kashindye alirudi karibu na adhuhuri akiwa na ndoo tupu. Aliigeuza akaikalia kivulini kwa ukuta, badala ya kuiweka kwenye foleni.

"Wamefika kwangu," alisema.

Nkwabi aliweka dumu chini.

"Nilikuwa na saa mkononi. Sikuivua kumkomboa yule wa utepe wa buluu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wakubwa wataniuliza."

"Waambie ulikuwa na msiba."

King'ora cha Kufunga Hesabu kililia. Taa za Ubao zilizimika zote, zikawaka tena, na jina la Malolwa lilikuwa limekaa chini ya mstari mwekundu. Bomba la uani lilikohoa mara mbili, likatema hewa, likanyamaza. Nyama ya beberu ilikuwa inachemka jikoni kwa maji ya ziwa, ya mwisho.

Simu iliita alasiri.

"Shikamoo, baba." Limi alikuwa anacheka na kulia. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya maji yakigonga bati la ndoo, na wanawake wakipiga vigelegele. "Yametoka. Meupe, baba. Nimemnywesha mtoto sasa hivi, ametulia." Akavuta pumzi, kisha kwa mazoea akauliza, "Na mama hajambo?"

Nkwabi alitazama Mnara, kisha akatazama nyuma ya nyumba, pale ambapo Kondo alikuwa anapanga mawe kuzunguka udongo uliokuwa umesawazishwa ili usijulikane.

"Mama yako amefariki," alisema.

Kwenye simu maji yaliendelea kumwagika. Kisha mtu aliyafunga.

"Pole, baba," alisema Limi. "Pole sana."

Ilimchukua muda kukumbuka jibu lake, maana hakuwahi kuhitaji kulitumia.

"Nimeshapoa, mwanangu," alisema Nkwabi, akaketi chini.